Mashine Isiyotambuliwa

Ting.

Sauti ndogo ilitoka chumba cha mbele kabla hakujapambazuka, na Mama Nukta akafumbua macho. Kompyuta yake haikuwa na tabia ya kulia. Kila usiku aliiacha ikiwaka, ameifunika kitambaa kama mtoto, kwa sababu kuiwasha upya kulichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa.

Alikwenda pekupeku, akaondoa kitambaa.

"Karibu! Tumekuboreshea mfumo wakati umelala," ilisema skrini.

"Nani aliwatuma?"

Pembeni ilikaa mashine yake ya nukta nundu, ile inayotoboa karatasi nene ili wasioona wasome kwa vidole. Ikifanya kazi hugonga kama nyundo. Ndiyo maana jana usiku, baada ya kuiandika hotuba ya Mwalimu, mteja wake asiyeona, hakuichapa. Mtoto wa jirani alikuwa na homa, na ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi.

Sasa alibonyeza. Kimya. Kisha maandishi: kifaa hakitambuliki.

"Hakitambuliki! Miaka yote mmelala chumba kimoja, leo hamjuani?"

Alichomoa waya, akaurudisha. Akazima, akawasha. Huduma kwa wateja ilipofunguliwa, alipiga simu akiwa bado na gauni la kulalia.

"Mfumo mpya haukubali vifaa vya zamani, mama," kijana alimwambia. "Nakushauri upate mashine nyingine. Hiyo imezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Mtanibadilisha na nini?"

"Pole, mama," kijana akasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na mkubwa wake. "Hata bibi yangu amenigombeza kwa hilohilo asubuhi hii."

Mama Nukta alimshukuru. Hasira yake haikuwa juu ya kijana.

Mwalimu alifika akipapasa ukuta kwa fimbo, suti imenyooka, mkono wa kulia ukiwa kwenye bandeji tangu alipoteleza bafuni. Bintiye wa pekee alikuwa anaolewa mchana huo. Mama Nukta alimweleza yote bila kuvuta pumzi.

"Si mtu akusomee tu, Mwalimu? Hotuba yako ninaiona hapa kwenye skrini."

"Maneno ya kumwambia mwanangu asome mtu mwingine? Hapana. Na kichwani hayakai, nikianza kulia yatatawanyika. Vidole ndivyo haviniangushi." Alitoa mfukoni kibao cha chuma chenye vijitundu na kijisumari chenye mpini wa mbao. "Hiki hakijawahi kuniomba ruhusa ya kujiboresha. Utanisomea na kutoboa wewe, mimi nitakutajia nukta."

Alitoboa, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Mstari ulipokwisha, Mwalimu aligeuza karatasi, akaipapasa kwa kidole cha kushoto, akaangua kicheko.

"Umeanzia kushoto! Karatasi hugeuzwa, mama yangu. Anzia kulia. Hapa maneno yanatembea kinyumenyume kama kaa."

"Wangeniachia mashine yangu, nisingekuwa kaa!"

Walianza upya. Kazi ilikwenda polepole, jua likapanda, kidole gumba cha Mama Nukta kikaota lengelenge. Kurasa zote zile zisingekwisha.

"Ondoa salamu kwa wageni," alisema Mwalimu.

"Nimeondoa."

"Ondoa habari za ukoo."

"Hizo umezifikiria wiki nzima, Mwalimu! Kwa nini uziondoe, eti kwa sababu watu usiowajua wameamua usiku kubadilisha mfumo?"

"Ondoa, dada. Gari linakuja."

Ilibaki mistari michache. Mwalimu aliipitia kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba bintiye, akiwa mdogo, alimsomea mabango yote ya barabarani, hata ya sabuni, baba asijione ametengwa, kidole kilisimama. Kikarudi. Kikapita tena.

"Herufi moja umekosea," alisema. "Iache. Nikimwachia mwanangu karatasi hii, atajua imeandikwa na mtu."

Nje honi ililia. Mama Nukta alimnyoosha kola, akamshika kiwiko hadi mlangoni. Nyuma yao kompyuta ilitoa mlio, ikitaka kujua kama anaufurahia mfumo mpya. Hakugeuka.

Mwalimu aliweka karatasi ndani ya koti, upande wa moyo. Mguu mmoja ukiwa tayari garini, alisita.

"Mama Nukta, uje nyumbani unitembelee. Hata kesho. Kuanzia leo jioni, kule kutakuwa kimya sana."