Viatu Juu ya Boila

Bi Touba, jirani wa akina Nargol ukuta kwa ukuta, anadai kwamba kocha Eshrat alijificha kusudi. Aliwaeleza watu wote kwenye foleni ya mkate, tena kwa sauti ya juu: zamu ya wanawake ilipokwisha pale bwawani, yule mama na utu uzima wake akajibanza chumba cha boila ya kupashia maji, akangoja wanaume wavue nguo, ndipo akachomoza.

"Mjane miaka yote hiyo, mlitegemea nini, jamani?" akasema. "Kaenda kushiba kwa macho!"

Foleni nzima ikacheka. Nargol, anayefundishwa kuogelea na kocha huyo, alikuwa nyuma yake kabisa, amekumbatia mkate wa moto kifuani. Hakucheka. Ukweli aliujua, kwa sababu alikuwamo chumbani mle.

Siku ile mvua ya mji wa Rasht ilinyesha tangu alfajiri, na Nargol alifika mazoezini viatu vyake vikitema maji kila hatua. Kocha akavitazama, akaguna.

"Uugue wiki ya mashindano, halafu useme ni jicho la watu!"

Akavichukua mwenyewe, akaviweka juu ya boila vikauke. Hakuna aliyewaza kitu. Lakini mama anayelinda mlango ana njia moja tu ya kujua kama wanawake wamekwisha: hutazama rafu ya viatu. Rafu ikiwa tupu, na bwawa ni tupu. Vya kocha hukaa ofisini, havihesabiwi. Basi hufunga mlango wa mbele wa wanawake, akapiga kelele wanaume waingie kwa mlango wa pili.

Kengele ya kumaliza zamu ililia Nargol akiwa bado majini. "Mzunguko mmoja tu," kocha alisema, kama kawaida yake. Kisha wakaingia chumba cha boila kuchukua viatu, binti akiwa na vazi la kuogelea na taulo begani. Walipogeuka watoke, sauti za wanaume zilikuwa zimeshajaa nje ya mlango.

Chumba kile hakina dirisha. Boila ilinguruma, joto likapanda, jasho likawatiririka. Na katika zile sauti, Nargol akaitambua moja: ya Bahram, kaka yake.

"Dada yangu mimi ndiye niliyemfundisha," Bahram alikuwa akijigamba.

"Wewe? Wewe unayeogelea kama gunia la mchele?"

Baba yao alikuwa amemruhusu Nargol kwa shingo upande, na kwa sharti moja: siku atakayosikia mtaani binti yake anatajwa pamoja na bwawa, hiyo ndiyo siku ya mwisho. Si ya kuogelea tu. Ya kutoka nje ya nyumba.

"Mwalimu, tungoje watoke," akanong'ona.

"Wakitoka hawa wanaingia wengine, mpaka usiku. Na wewe umeshaanza kuyumba."

Kocha akavua koti lake refu akamvika, akamfunga mtandio wake mpaka puani. Yeye mwenyewe akajitanda taulo kichwani. "Nikikuambia nenda, nenda. Usikimbie, sakafu inateleza."

Kisha akasukuma mlango kidogo, akapaza sauti nzito: "Ya Allah! Ya Allah!" Vile vile wanavyobisha wanaume wakiingia nyumba yenye wanawake.

Ikawa patashika. Mmoja akajitosa majini na miwani yake ya kusomea. Mwingine akajikinga kwa ndoo. Kocha akatoka, akapuliza filimbi.

"Ukutani! Wote! Ole wake anayechungulia!"

Na wanaume wazima, na ndevu zao, wakageukia ukuta kama watoto wa siku ya kwanza shuleni.

Nargol akapita nyuma yao, viatu mkononi. Alipita karibu sana na Bahram, akaona matone yakiteremka kwenye kisogo chake. Akaingia kwenye vyumba vya wanawake, akavaa nguo zake, akatokea mlango wa uchochoroni.

Kocha alibaki. Meneja alipomuuliza, alisema alipitiwa na usingizi kwa lile joto. Meneja hakuamini, akamsimamisha kazi, akafunga zamu ya wanawake. Usiku ule Bahram alilisimulia jambo lote kwenye chakula, machozi ya kicheko yakimtoka. Baba hakucheka.

"Wewe uliondoka mapema?"

"Mapema, baba," Nargol alijibu.

Sasa alipofika nyumbani na mkate, alimkuta kocha Eshrat mlangoni, chini ya mwavuli, na sweta jepesi tu.

"Nimefuata koti, mwanangu."

Nargol akaingia, akalileta likiwa limeviringishwa ndani ya kitambaa cha meza. Kocha akalipokea, lakini hakuondoka.

"Meneja ananiita kesho. Wenzako wamefungiwa nje kwa ajili yangu, na mashindano ndiyo hayo." Akashusha sauti. "Nilidhani maneno ya watu nitayabeba. Siyawezi. Mjukuu wangu karudi kutoka shuleni analia. Njoo useme tu ulikuwa na mimi, na viatu vilikuwa vinakauka. Utakuja?"

Ndani, kijiko kilichokuwa kikikoroga chai kikanyamaza.

"Nargol!" baba akaita. "Nani huyo mlangoni?"

Nargol alikuwa ameshika kitasa, kiganja bado kina joto la mkate. Kocha alikuwa anamtazama miguuni, kwenye vile viatu, vilivyokauka mpaka vikakakamaa.