Goli la Kustaafia

Mume wangu Laurean ni kipa, na aliniahidi kitu kimoja: siku akifunga goli, hata moja tu, anaachana na mpira. Aliniahidi akiwa na miaka arobaini, nami kwa ujinga wangu nikashukuru. Hebu niambie, kipa anafunga goli wapi? Miaka saba baadaye bado nilikuwa nafua glavu zenye matope na kumkanda magoti, mimi nesi ambaye wiki nzima nashinda hospitalini mjini Saint Paul, huku Marekani, nikikanda magoti ya watu wengine. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka Jumamosi zangu.

Aliyekuwa akimpa kichwa ni jirani yetu Maurice, mzee wa Kiyahudi, mwalimu mstaafu na refa wetu wa kujitolea. Ukimtajia mchezo wowote, yeye anakutajia Myahudi aliyeucheza. Nilimwambia Maurice kwamba Laurean amezeeka, akanitajia Ágnes Keleti wa Hungaria, aliyechukua dhahabu nne za jimnastiki kule Melbourne akiwa na miaka thelathini na mitano. Nikamwambia mtu anahitaji siku ya kupumzika. Akanitajia Sandy Koufax, mrushaji wa besiboli, ambaye mwaka 1965, hapa hapa Minnesota, aligoma kucheza mechi ya kwanza ya fainali kwa sababu iliangukia siku ya toba ya Wayahudi. Nikadhani nimempata: basi na Laurean apumzike kama huyo. Akasema Koufax alirudi, akashinda mechi ya mwisho. Mzee yule humuwezi.

Siku moja, akinywa chai kwetu, akaanza habari za Hakoah. Mimi nikasikia "hakuwa", nikamuuliza hakuwa nani, akasema Hakoah ya Vienna, nikamuuliza hakuwa Vienna, alikuwa wapi? Laurean alicheka mpaka akapaliwa. Kumbe ni timu ya Wayahudi, na jina lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni nguvu. Mwaka 1925 kipa wao, Alexander Fabian, aliumia mkono mechi ikiendelea. Enzi hizo hakukuwa na kubadilisha mchezaji, basi wakamning'inizia mkono kwenye kitambaa, wakampeleka mbele, na huko mbele akafunga goli la ushindi, Hakoah wakawa mabingwa wa Austria. Maurice akaongeza kwamba Wanazi walipoingia waliifuta timu ile, na baba yake, shabiki wake mkubwa, ndipo alipokimbilia Amerika. Mimi nilimhurumia. Laurean alimwomba arudie pale kwenye goli.

Sasa, kiangazi cha 2007, sisi Watanzania na Wakenya, uwanja mmoja pale mtaa wa Phillips, bila kwa bila. Laurean akaruka, akaangukia mkono. Niliingia mbio na mkoba wangu, nikaupapasa, umeteguka. Nikamwambia twende nyumbani. Lakini benchi letu lilikuwa tupu, waliobaki wote walikuwa wamewahi shifti, na yeye alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtoto anayeomba pipi.

"Mama Careen," akasema, "niache niende mbele."

Nikajisemea, na akifunga je? Nikamning'inizia mkono kwenye bendeji kwa mapenzi yangu yote.

Nahodha wetu, Mudrick, akavaa glavu na kukaa golini. Laurean akasimama mbele, hana analolijua, akawa anawapisha hata mabeki wa Kenya. Dakika za mwisho tukapata kona. Nilikuwa karibu kabisa na mlingoti. Mpira ulikuja juu, watu wakarukiana, na mimi kwa macho yangu nikaona kiwiko cha Laurean kikitoka kwenye bendeji na kuusukuma wavuni.

Wakambeba juu juu. Mudrick akapaza sauti kutoka golini kwetu, mzee kastaafu, mzee kastaafu, maana ahadi ile kila mtu aliijua. Wakenya nao walikuwa wamemzunguka refa, Maurice, wakilipinga goli, naye rundo la watu lilimziba asione kitu. Nahodha wao, Eliakim, akasema aulizwe nesi, nesi hawezi kudanganya.

Uwanja wote ukanigeukia. Jumamosi zangu zilikuwa mdomoni mwangu, nikisema amefunga kwa kichwa tu, zimerudi. Nikamtazama Laurean. Walikuwa wamemshusha, na uso wake ulikuwa umesinyaa kabisa, anatazama glavu zake kule mikononi mwa Mudrick. Jamani, nampenda mwanamume yule. Niliumia.

"Ameunawa," nikasema.

Maurice hakulijua neno, nikakigonga kiwiko changu mbele yake akaelewa, akakataa goli. Wenzetu walishika vichwa. Aliyeshangilia upande wetu alikuwa mmoja tu, mfungaji mwenyewe. Alinikumbatia kwa ule mkono mzima mbele ya watu wote, akakimbia golini, akamnyang'anya Mudrick glavu moja, akaanza kuwapanga mabeki.