Msemaji wa Mtu wa Neno Moja

Waandishi wa habari ndio waliompa jina la Bi Tutawajulisha, na likamganda kama kupe. Daraja likisombwa na maji, wakamwuliza litajengwa lini, anatabasamu: "Tutawajulisha." Dawa zikikosekana hospitali, "Tutawajulisha." Alilisema kwa upole kiasi kwamba mtu aliondoka pale akijiona kama aliyejulishwa tayari.

Alikuwa katibu wa habari wa Waziri. Kila asubuhi, wenzake wakiwa bado wanatafuta viatu, yeye alikuwa ameshayamaliza magazeti yote, na alikuwa akimsimulia Waziri kwa simu jinsi dunia ilivyoamka. Kisha aliketi kuandika kile ambacho Waziri angekisema siku hiyo. Waziri alikuwa na sauti nzito, kama gogo linaloviringishwa sakafuni, na Bi Tutawajulisha aliijua kuliko alivyoijua yake. Alijua ivute pumzi wapi, ipande wapi, itue wapi. Waziri akihutubia, yeye alisimama nyuma ya ukumbi karibu na nyaya za mitambo, na midomo yake ilimtangulia Waziri kwa neno moja au mawili.

Miaka ilipozidi, mpaka kati ya sauti hizo mbili ukafifia kama chaki iliyofutwa kwa kiganja. Aliota mara nyingi kwamba mtu amebisha hodi nyumbani kwake, naye anaitikia "Nani?" kwa lile gogo la sauti. Katika ndoto hakushangaa. Alifungua mlango, na nje palikuwa na ukumbi mweupe uliojaa viti vitupu, vyote vimemgeukia, vinasubiri.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea na ambaye bado aliishi naye, hakuota chochote lakini aliona yote.

"Wewe mtoto," alimwambia siku moja, pini zikiwa zimebanwa midomoni, "nimekuuliza kama utakula, unanijibu suala hilo linafanyiwa kazi. Mimi ni mkutano?"

Habari ya Waziri kuondolewa waliisikia redioni kama watu wengine wote. Ilikuwa saa za mchana, pazia la ofisi linapumua taratibu dirishani, chai iko mezani. Mtangazaji alisoma majina ya mawaziri wapya, la Waziri halikuwemo. Waziri alivua miwani, akaipangusa kwa tai yake, akaivaa tena.

"Tunasemaje?" akauliza.

Bi Tutawajulisha aliinua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa. Alitazama mvuke wa chai ukipotea hewani. "Tunasema ahsante," akajibu mwishowe. Wakasema ahsante, wakabeba picha zao za ukutani, wakashuka ngazi.

Yeye alikodi chumba ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, akabandika kibao mlangoni: Mshauri wa Mawasiliano. Wateja walikuja, maana hakuna kampuni isiyo na la kueleza. Alikuja meneja wa kiwanda cha maziwa yaliyoganda kabla ya siku zake, akaja mkurugenzi wa benki anayetokwa jasho akiona kamera.

"Usishike pua," alimfundisha yule wa benki. "Ukishika pua, watu wanaona unaficha jambo."

"Na ikiniwasha?"

"Iache iwashe. Utajikuna ukifika nyumbani."

Shangazi alipoelezwa kazi hiyo mpya alitikisa kichwa. "Kwa hiyo unawafundisha watu wazima kuongea."

"Na kunyamaza pia, shangazi."

"Hiyo ya pili ungeanza na jirani yetu."

Maisha yakakaa sawa. Mteja wake mkubwa kuliko wote akawa mgombea mmoja mwenye meno mazuri, ambaye kauli mbiu yake, *Kesho ni Yetu*, ilikuwa imebandikwa kila ukuta wa mji hadi kwenye choo cha stendi. Bi Tutawajulisha alikuwa akipanga hotuba za mgombea huyo siku aliyopigiwa simu na mke wa Waziri wa zamani.

"Mwanangu," sauti ilisema, ndogo kama inayotoka ndani ya mtungi, "mzee wako amepigwa na kiharusi. Hasemi tena. Amebakiwa na neno moja."

"Neno gani, mama?"

"Njoo usikie mwenyewe."

Alimkuta sebuleni, kwenye kiti kirefu kilichogeuzwa kuelekea bustani. Lile jitu la majukwaani lilikuwa limesinyaa ndani ya shati kama mtoto aliyevaa nguo za baba. Mkono wa kulia ulilala tu pajani. Lakini macho yalikuwa yale yale, na yalipomwona yakaangaza.

"Kesho!" akasema Mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Kesho, kesho." Akampapasa mkono kwa mkono wake mzima. "Kesho."

Ndilo neno lililobaki, kama kiti kimoja ndani ya nyumba iliyohamwa. Alilitumia kuomba maji, kusalimu, kushukuru na kugomba. Daktari alisema ndivyo ilivyo kwa baadhi ya wagonjwa. Maneno mengine huenda yakarudi, huenda yasirudi.

Bi Tutawajulisha akaanza kwenda kila alasiri. Hakuna aliyemtuma. Alifunga ofisi, akavuka mji, akaketi kwenye kigoda karibu na kile kiti kirefu. Saa za chumba kile hazikwenda kama saa za kwingine. Mwanga uliingia umechujwa na majani, ukapanda polepole juu ya zulia, ukamfikia Mzee magotini, kifuani, kisha ukamwacha. Kona ya pili mke wa Mzee alikunja mashuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Miaka yote ile Bi Tutawajulisha alikuwa amesikia kwake "karibu" na "chai iko tayari," basi. Na katikati ya ukimya ule neno lilielea, likazama, likaibuka tena, mpaka ikawa kama wote watatu wameketi ukingoni mwa siku ambayo haifiki.

Sikio lake, lililozoea sauti ile, likaanza kutofautisha. "Kesho" fupi, kavu, ilikuwa kiu. "Keesho" ya kuvuta ilikuwa mwanga machoni, sogeza pazia. Ile iliyoshuka mwishoni kama mtu anayeketi ilikuwa furaha. Na "kesho-kesho," haraka haraka, kucha zikikwaruza mkono wa kiti, ilikuwa sitaki, toa hapa. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha viungo aliijua vizuri hiyo ya mwisho.

Habari haina miguu lakini hufika. Meneja wa kampeni ya yule mgombea alipanda ngazi za ofisini kwake akihema, uso umemwiva kwa furaha.

"Nimesikia Mzee anasema kesho. Kesho! Mchana na usiku! Mungu atupe nini tena?"

"Ule ni ugonjwa, kaka. Siyo kauli mbiu."

"Watu bado wanampenda yule mzee. Mgombea atamtembelea, kamera zitakuwepo, Mzee atasema neno lake, wewe utasoma taarifa fupi ya kumuunga mkono kijana wetu. Nani atabisha? Mama mwenye nyumba nimeshampigia, amesema mgeni hafukuzwi."

"Na Mzee mwenyewe?"

Meneja alicheka kwa upole, kama anayemzindua mtu. "Dada, umemsemea miaka yote. Ongeza siku moja."

Maneno hayo yalimwingia. Asubuhi alipoamka alikaa mezani akaandika, na taarifa ikamiminika kama maji yaliyokuwa yanangoja bomba lifunguliwe. Gogo lile la sauti likaviringika tena kichwani mwake, zito, zuri. Alijisikia kama mtu aliyelikuta koti lake la zamani na likamtosha. Aliposoma alichoandika, machozi yalimlengalenga. Mzee angelisema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Alasiri akamsomea. Kabla ya kuanza akaweka kiganja chake chini ya kile cha Mzee.

"Mzee, ukikubali nibane kidole. Ukikataa, ondoa mkono."

Akasoma mpaka mwisho. Mzee alimtazama, kisha akauondoa mkono.

"Labda umechoka," Bi Tutawajulisha akasema. "Nisome tena?"

"Kesho-kesho." Kucha kwenye mbao.

Mke wa Mzee aliinua macho kutoka kwenye mashuka, akayarudisha. Bi Tutawajulisha akaikunja karatasi. Alipomweleza meneja, meneja alisema mkono wa mgonjwa huteleza, na kwamba waandishi wameshaalikwa.

Siku ya ziara ya mgombea alikwenda akiwa hajui atafanya nini. Sebule haikuwa sebule tena. Nyaya zilitambaa juu ya zulia, taa za kamera ziliufukuza ule mwanga wa majani, watu wasiojulikana walisogeza meza. Mgombea aliingia ananukia vizuri, akapiga goti kando ya kiti kirefu.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Kesho," akasema Mzee, kwa adabu.

Makofi yakalipuka. "Mmemsikia!" Mgombea akageukia kamera na meno yake yote. Meneja akamwashiria Bi Tutawajulisha kwa kidevu: haya.

Alisimama mbele ya maikrofoni, akaikunjua taarifa. Sauti nzito ilikuwa tayari kooni, imejipanga, inasubiri tu afungue mdomo. Viti vyote vilikuwa vimemgeukia. Kwa mbali, kama kutoka chumba kingine, akasikia: kesho-kesho. Kesho-kesho. Kucha zinakwaruza mbao. Waandishi wakapiga makofi tena, wengine wakacheka kwa huruma. Katika chumba kizima ni watu wawili tu walioelewa, yeye na yule mama wa mashuka, ambaye safari hii alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Zimeni taa," akasema. "Zinamuumiza macho."

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ina mikwaruzo. Ilimchukua kitambo kuitambua kuwa ni yake.

"Taarifa hii nimeiandika mimi. Nilimsomea Mzee, akakataa. Na sasa hivi anakataa tena."

Mwandishi mmoja mwenye mvi, ambaye ndiye aliyembatiza lile jina zamani, akanyoosha kalamu. "Bi Tutawajulisha, hayo ni maneno ya Mzee au ni yako?"

"Mkono ni wake. Maneno ni yangu."

"Anakataa kwa sababu gani?"

"Sijui."

Katika kazi yake yote hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya maikrofoni. Lilikuwa jepesi mdomoni, karibu tamu. "Sijui," akarudia. "Nikisema najua, nitakuwa namtungia."

Mgombea alisimama, akajipangusa goti, akamtakia Mzee afya njema na kuondoka akiwa bado anatabasamu, maana alikuwa amefundishwa vizuri. Kwenye ukumbi wa nje meneja alimsogelea Bi Tutawajulisha hadi pumzi yake ikampiga usoni.

"Umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe."

"Naona," akajibu. Akaikunja taarifa, akaitia mkobani.

Mkataba wake ulivunjwa kwa ujumbe wa simu kabla hajafika nyumbani. Mgombea alishinda, na kwa kura nyingi. Mabango mengi vile hayashindwi na mzee mmoja mgonjwa. Wateja kadhaa walimkimbia kama mwenye ukoma. Kwa majuma ofisi ilikuwa tupu, naye alishinda dirishani akitazama watu wakitoka duka la chini na miwani mipya, kila mmoja akisimama kidogo mlangoni na kuushangaa mtaa. Hakujuta, ila aliogopa. Shangazi alimletea chakula ofisini na hakuuliza kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu.

Kisha akaja mkurugenzi wa hospitali moja, ambaye mashine zake zilikuwa zimeharibika na waandishi walikuwa wamempigia kambi mlangoni.

"Wewe ndiye uliyesema hujui, mbele ya kamera?"

"Ndiye mimi."

"Nifundishe."

Wakaja na wengine wa namna hiyo, si wengi, lakini chumba kikapata watu.

Alasiri zake hazikubadilika. Mzee alifanya mazoezi na muuguzi, akipuliza mashavu, akisukuma ulimi, akiimba herufi kama mtoto wa chekechea anayeonewa. Neno halikuongezeka. Bi Tutawajulisha alizoea kumsimulia siku yake, mambo ambayo Waziri hakuwahi kuyauliza: shangazi na vituko vyake, yule wa benki na pua yake, mwanaume aliyetaka kumwoa zamani akachoka kungoja mikutano iishe. Mzee alisikiliza kama mtu aliyekaa chini ya mvua ya manyunyu, amefumba macho, hajifuniki.

Siku moja, mvua ya kweli ikiwa imetoka kupita na bustani inadondoka matone, alikuwa anamsaidia mama kukunja shuka kubwa. Kila mmoja ameshika pembe mbili, wanasogeleana na kurudi nyuma, shuka linajaa upepo katikati yao.

"Chiriku," akasema Mzee.

Bi Tutawajulisha akageukia dirisha kumtafuta ndege. Hapakuwa na ndege. Kisha akazinduka: lilikuwa neno jingine! Aligeuka haraka, na akaona kwamba Mzee hatazami bustani. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Chiriku," alirudia, kwa shida, mate yakimtoka pembeni ya mdomo.

Mama aliachia pembe zake za shuka.

"Chiriku ni nani, mama?"

"Ni mimi," mama akasema. Alikuwa amejishika shavu kama msichana. "Kabla ya siasa. Kabla yenu nyote. Nilikuwa na domo, mwanangu, hujapata kuona! Nasema kutwa, naenda kulala bado nasema. Ndipo akaniita hivyo. Baadaye yeye ndiye akawa msemaji, na mimi..."

Bi Tutawajulisha alidhani anayajua maneno yote ya mtu yule. Aliyaandika mwenyewe, maelfu kwa maelfu, na hili hakuwahi kulisikia hata kwa bahati mbaya. Akalikusanya shuka lote kifuani, likiwa bado na joto la pasi, akatoka taratibu na kuurudisha mlango nyuma yake.

Alipofika kwenye ukumbi wa nje akaisikia sauti ya mama ikianza, kwanza kwa kusitasita, kisha kasi, kisha kasi zaidi, kama mtu anayeteremka mlima na miguu imemzidi.

"Haya, umeniita mwenyewe, sasa sikiliza! Kwanza, hivi viti sijawahi kuvipenda, tangu siku ile ulipovileta..."