Sauti Haieleweki

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na Mwenyekiti Zedekiah alirudi Bwera kutoka semina ya siku tatu mjini Kasese akiwa amebeba kidonda chake ndani ya simu. Ilikuwa programu ya kusikiliza watu wakizungumza na kuyaandika maneno yao papo hapo, bila kalamu na, kama alivyopenda kuongeza, bila Medius.

Medius alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa kahawa mwaka wa kumi na moja huu. Jumapili alikuwa mkalimani wa mchungaji, mtu wa kubeba mahubiri marefu kichwani na kuyatua kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, bila kumwaga hata neno. Sasa kazi yake ilikuwa kushika simu na kubonyeza lugha. Maana hiyo mashine, pamoja na sifa zote ilizomwagiwa, ilisikia lugha moja kwa wakati mmoja: Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili. Lhukonzo, ambayo wanachama wote thelathini na mmoja waliinyonya pamoja na maziwa ya mama zao, haikuwemo. Medius alipouliza itakuwaje, mwenyekiti alimjibu kwamba maendeleo hayamsubiri mtu. Huyo ndiye Zedekiah. Ukimwuliza njia atakupa hotuba.

Siku ya mkutano shauri lilikuwa moja tu, nalo ni mahali pa kuweka mtambo wa kumenya kahawa. Pesa zilikuwa za wafadhili wa Kasese, lakini mahali mwenyekiti alikuwa ameshapachagua. Ni shamba la mdogo wake kule Nyakiyumbu, juu kidogo ya chemchemi anayochota mjane Yunia na nyumba nyingine tisa. Kila mkulima anayajua maji ya maganda ya kahawa yanayotoka kwenye mtambo kama huo. Yananuka, yanawasha ngozi, na hata mbuzi huyapa kisogo. Ndiyo maana fomu ya wafadhili ilisema wazi kwamba akipinga hata mtumiaji mmoja wa maji, kazi isimame mpaka wakaguzi wafike.

Medius alifungua daftari lake kwa mazoea. Mwenyekiti akalifunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Hiyo daftari weka chini," alisema. "Kitu haiko mu mashine, haikusemwa."

Wanachama wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka mkubwa akitania. Yunia hakucheka. Aliinuka, akakaza kitenge kiunoni, akasema kwa Lhukonzo, lugha pekee aliyo nayo. Alisema chemchemi ile aliikuta ikitoka alipoolewa, kwamba watoto wake sita waliogeshwa kwa maji yake, na kwamba hataki mtambo juu yake, leo wala kesho. Hataki. Alilirudia neno hilo mara tatu. Mwenyekiti alimwacha aseme mpaka achoke, kwa ukarimu wa mtu anayejua mambo yalivyo kwenye kioo cha simu. Na kwenye kioo palikuwa na maneno mawili tu, mstari baada ya mstari: sauti haieleweki. Yunia huyohuyo, ambaye akiita mbuzi wake ng'ambo ya bonde hugeuka hata mbuzi wa jirani.

Medius aliomba kwa heshima amkalimanie kwa Kiswahili ili mashine ipate kusikia. Akajibiwa kwamba hapa si kanisani. Akarudi kushika simu.

Kisha mwenyekiti akasoma karatasi yake kwa Kiingereza cha semina. Mashine ilifurahi, ikaandika kila neno. Wanachama hawakufurahi, nusu walikuwa wakipiga miayo na mmoja alikuwa ameshalala. Zedekiah si mjinga wa kila kitu, aliona kura zinamponyoka. Basi akaitupa karatasi, akawageukia kwa Lhukonzo tamu, Lhukonzo ya kuposea, akawaahidi bei nzuri na barabara, akawaomba wainue mikono. Waliinua ishirini na watatu, wote wa upande wa pili wa kilima, wasiochota kule. Naye, kwa furaha, akapokonya simu, akabonyeza kupeleka kumbukumbu Kasese mbele ya macho ya wote, bila kusoma hata mstari mmoja. Medius alikuwa amesoma. Aliambiwa ashike simu, hakuambiwa aseme.

Juma lililofuata waliitwa Kasese wote wawili. Ofisa wa wafadhili, mama mmoja mpole aitwaye Komuhangi, alikuwa amezichapa zile kurasa.

"Mzee, mimi naona ulisoma karatasi yako," alisema. "Halafu ni sauti haieleweki, sauti haieleweki, mpaka mwisho. Kura iko wapi?"

Zedekiah akaeleza kwamba watu waliinua mikono. Komuhangi akamwonyesha sahihi yake chini ya sharti alilolidai mwenyewe liandikwe kwenye fomu, kwamba kumbukumbu za mashine ndizo pekee zitakazokubaliwa. Mkono hauna sauti. Mwenyekiti akamgeukia Medius kama mtu anayekumbuka ghafla kwamba nyumbani kuna jembe.

"Katibu wetu alikuwako," alisema. "Anakumbuka yote. Sema, Medius. Mikono ilikuwa ngapi?"

Medius hakuharakisha. Miaka kumi na moja ya kuandika kila neno ilikuwa imemfundisha kutosema nusu ya jambo.

"Nakumbuka, Mwenyekiti," alisema. "Lakini kama nasema ya mikono, nasema na ya Mama Yunia, vile alisema, yote. Kama kitu haiko mu mashine haikusemwa, basi nanyamaza, na mikono haikuinuka. Chagua wewe."

Zedekiah aliutazama mlango, kisha zile kurasa, kisha simu yake iliyolala mezani bila msaada wowote. Hakuchagua.

Komuhangi alisogeza kalamu na karatasi nyeupe mpaka mbele ya Medius.

"Anza na huyo mama," alisema.

Medius akaandika tarehe, akaandika jina la Yunia, na chini yake neno la kwanza: hataki.