Msichana wa Ukingo wa Karai

Watu wananiambia nisamehe. Axiang, yule muuza vitumbua vya chaza wa kibanda cha pili, kila tukikutana wimbo wake ni huohuo: "Lianzhu, mama ni mama." Najua mama ni mama! Nimesimama naye jiko moja tangu sijang'oa meno ya utoto, nitakosa kumjua? Nyamazeni kwanza niseme yaliyonipata, halafu kama bado mna hamu ya kunipa nasaha, mtanipa.

Sisi tunauza dingbian kwenye kichochoro cha nyuma ya soko la samaki, hapa Fuzhou. Kazi yenyewe ni hivi. Supu ya kome na uduvi inachemka kwenye kitako cha karai kubwa. Wewe unapaka mafuta kwenye ukingo, unamimina uji wa mchele uliosagwa kuuzunguka ukingo wote kwa mkono mmoja bila kusita, unafunika. Uji ukishika na kuanza kujikunja, unaukwangua utumbukie kwenye supu, kisha unaanza tena. Ukimimina mzito, mteja anakula gundi. Ukimimina mwepesi, unateleza wote chini na supu inakuwa maji ya kuoshea vyombo. Ilinichukua miaka mitatu kupata wembamba anaoutaka mama, na miaka yote hiyo alikuwa ananipiga vidole kwa mwiko.

Huku ananipiga, huku ananisimulia. Hadithi ya dingbian kila mtu wa Fuzhou anaijua. Zamani za maharamia, jemadari alikuja na askari wake kutuokoa, na wanakijiji wakawa wanasaga mchele wawaandalie karamu. Mara baragumu likalia, maharamia hao! Hapakuwa na muda wa kupika kitu cha maana, ndipo mtu mmoja akaumwaga ule mchele kwenye ukingo wa karai la supu, askari wakala wima, wakaenda vitani wakashinda. Wengine wanaishia hapo. Kwetu sisi, mtu yule alikuwa msichana. Wenzake walikimbilia mlimani, yeye akabaki peke yake na karai kwa sababu askari hawajala. "Ndiyo maana karai hili ni la binti," mama alikuwa akisema, akiniita kwa jina langu la utotoni. "Litakuwa lako, Azhu. Acha kulia." Nami nafuta kamasi, naendelea kukwangua.

Mwaka huu Bi Rao wa ofisi ya utamaduni akaja kutuambia kwamba dingbian yetu imechaguliwa. Watatundika kibao mlangoni, na kwenye kibao litaandikwa jina la mrithi wa kazi. Jina moja tu. Mwenye jina ndiye atakayeitwa kwenye maonyesho, ndiye atakayefundisha wengine, ndiye kibanda chenyewe machoni pa watu. Jamani, sikulala kwa furaha. Nikajishonea aproni mpya ya buluu, mimi ambaye aproni naivaa mpaka inatoboka. Nilitaka jina langu liwe pale, watoto wa shule wakipita walisome. Nasema bila aibu.

Walikuja na kamera siku ya kuanza majira ya joto, siku ambayo hakuna nyumba ya Fuzhou isiyokula dingbian. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwa wauza ngisi. Mama kavaa koti lake la hariri, kakaa kwenye kiti katikati ya mlango kama bibi harusi mzee. Mdogo wangu Dunhe naye akatokea, yule dereva wa teksi, ndevu kanyoa, shati limepigwa pasi.

"Leo unaoa mke wa pili nini?" nikamtania.

Akacheka huku anaangalia viatu vyake. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo, lakini mimi nilikuwa na karai mbele yangu na njaa ya watu.

Mama akaanza kusimulia. Maharamia, jemadari, mchele, baragumu. Nikawa namfuata kimoyomoyo, neno kwa neno. "Wenzake wote wakakimbilia mlimani," akasema, "akabaki mmoja tu, mtoto wa kiume wa nyumba ile."

Mwiko ukanigandia mkononi. Nikajiambia, kachanganya, ni mtu mzima, kamera imemtisha. Lakini mama hakukwama hata kidogo. "Kijana yule akamfundisha mwanawe, mwanawe akamfundisha mwanawe, mpaka ikamfikia marehemu mume wangu."

Marehemu baba! Baba alikuwa fundi baiskeli! Hajawahi kuchemsha hata yai!

"Na sasa mrithi ni nani, mama?" Bi Rao akauliza.

"Mwanangu Dunhe."

"Mama!" Nilipiga ukelele foleni nzima ikageuka. "Mama, umesema nini?"

Bi Rao akaduwaa, mara aniangalie mimi, mara amwangalie yeye. "Mimi nilidhani ni dada huyu. Kila nikija ndiye ninayemkuta kwenye karai."

Mama hakunitazama. Alimtabasamia yule mgeni kwa upole, tabasamu ambalo mimi sijawahi kupewa. "Huyu ni binti," akasema. "Binti siku yoyote anaolewa, anaondoka na kazi yetu kwenye nyumba ya watu."

Nina miaka hamsini na mmoja. Watu kwenye foleni walicheka, na siwalaumu, hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mwingine. Lakini nani alinizuia kuolewa? Nilipokuwa msichana, Keliang wa duka la saa alileta posa, kijana mtulivu, ananipenda nami nampenda. Mama alimrudisha na makopo yake ya chai aliyokuja nayo. Kisha akanifuata jikoni, machozi yanamtiririka, akaniambia, "Ukienda, hili karai nitamwachia nani?" Nikabaki. Hakunifunga kamba, nilibaki mwenyewe, kwa sababu nilimwamini.

Dunhe akanisogelea, ananinong'oneza. "Dada, usitie fujo mbele za watu. Ni jina tu."

"Ni jina tu? Basi nipe mimi!"

Akauchukua mwiko mkononi mwangu, akaenda kwenye kamera. Wakampiga picha na mwiko wangu.

Wageni walipoondoka, mama akaja nyuma ya kibanda, anakunja koti lake la hariri kwa makini. "Umeniaibisha," akasema.

"Mimi ndiye niliyekuaibisha?"

"Kwani kazi nani kakunyang'anya? Jina ni la mdogo wako, kazi ni yako. Loweka mchele wa kesho."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuniambia nipunguze moto. Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, mama yangu mzazi nilitaka kumpiga. Badala yake nikavua aproni nikamwekea mikononi, juu ya hariri yake.

"Mama, mimi nimeshaolewa," nikamwambia. "Nimeondoka. Mwite mwanao akulowekee mchele."

Axiang ana chumba juu ya kibanda chake, akanipa. Nikakaa dirishani kusubiri waje kuniangukia miguuni. Nilikuwa na uhakika! Dunhe na karai? Ataunguza ukingo, ataimwaga supu, foleni itamzomea, na mama atapanda ngazi hizi akihema. Nilishapanga hata maneno ya kumjibu.

Siku ya kwanza foleni ilikuwepo. Siku ya pili ilikuwepo. Nikamtuma Axiang akapeleleze.

"Wanasemaje?"

"Hawasemi. Wanakula."

Nikavumilia, wiki ikapita, uvumilivu ukanishinda. "Kaninunulie bakuli moja. Usiseme ni la nani." Akaniletea, akaniwekea mezani, akashuka zake.

Nilitazama kabla ya kuonja. Vipande vilikuwa vyembamba, vimejikunja vizuri bila kukatika. Nikaonja. Chumvi sawa, uduvi sawa, ulaini ni uleule nilioutafuta miaka mitatu kwa vidole vilivyovimba. Hakuna binadamu anayejifunza hivyo kwa wiki moja. Nikashuka ngazi na ndara zangu, nikaipita foleni nzima mpaka kwenye karai. Mama hakuwepo. Dunhe alikuwa anamimina, na mkono wake ulizunguka ukingo wote bila kusita.

"Umejifunza lini?" nikamuuliza.

Akafunika karai kwanza. "Dada, mimi nilidhani mama ameshakwambia."

"Nimekuuliza, lini?"

"Tangu baba alipofariki. Mama alikuwa anakuja kunifundisha nyumbani kwangu. Zile siku anazokwambia anakwenda hekaluni."

Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Miaka tisa, kila mwezi ukiandama na kila mwezi ukipevuka, mimi nimekuwa nikimfungia mama kikapu cha sadaka. Nilikuwa nachagua machungwa mwenyewe, moja moja, yasiyo na doa, miungu wasije wakatuona wachoyo.

"Na machungwa?"

"Machungwa gani, dada?"

"Ya kwenye kikapu, Dunhe."

Hapo ndipo aliponielewa. Uso ukamwiva, akaanza kufuta mwiko ambao ulikuwa msafi. "Watoto waliyapenda sana," akasema polepole. "Kila mama akija walikuwa wanamkimbilia mlangoni, wanasema shangazi anajua kuchagua. Mama akawakanya wasije wakakwambia."

Kumbe hata watoto walikuwa wanajua.