Gari Limechemsha Sebuleni

Jumamosi ile mchana, mama mkwe alibisha hodi na kuingia, akamkuta mkwe wake, daktari wa meno, ameketi pembeni mwa sebule kwenye kiti cha gari kisicho na gari. Alikuwa amefunga mkanda na kushika usukani, huku gari kwenye skrini mbele yake likifuka moshi mweupe.

"Shikamoo mama," alisema bila kuinuka.

Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Tangu ashike chaki mara ya kwanza, hakuna aliyewahi kumwamkia akiwa amekaa.

"Marahaba. Mgongo unakuuma, baba?"

"Hapana mama. Gari limeniharibikia mlimani."

Binti yake akatoka jikoni, uso umemshuka kwa aibu. Akamweleza mama yake kwamba mumewe yumo kwenye chama cha watu wanaoshindana mtandaoni, kila mtu nyumbani kwake, kwa magari ya enzi za mababu: hayana paa, matairi membamba kama ya baiskeli, na breki zake ni za kuombea dua. Wanachama hawakutaka mzaha. Gari likichemsha, dereva hukaa kitini kama aliyekwama njiani kweli, mpaka mwanachama mwingine aje na lori kumvuta. Anayeinuka hukatiwa pointi. Daktari alikuwa ameshainuka mara mbili msimu ule. Ya tatu ilikuwa kufukuzwa.

"Na huyo mwenye lori yuko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Amepotea njia, mama," daktari akajibu kwa unyonge.

Uso wa mama mkwe ukalegea. Mkwe asiye na adabu ni jambo moja. Mkwe aliyekwama mlimani juani ni jambo jingine.

"Mpe maji basi, mwanangu! Mtu yuko barabarani tangu asubuhi. Umeweka jiwe nyuma ya tairi?"

"Sikuweka, mama."

"Ndio ninyi mnaosababisha ajali."

Akaletewa maji, kisha sharubati, kisha maji tena. Chakula alilishwa kwa kijiko na mkewe, maana mikono haikuruhusiwa kuacha usukani. Ikafika wakati daktari akaanza kujipinda kama samaki kwenye kikaango. Haja haina adabu.

"Nenda," mama mkwe akamwambia. "Nitakukalia."

Alipofungua tu mkanda, sauti kavu ikatoka kwenye spika. "Gego! Mwamuzi hapa. Nimesikia mkanda."

"Gego ndiye nani?" mama mkwe akauliza huku akijipenyeza kitini.

"Ni mimi, mama," daktari akajibu, tayari yuko ukumbini anakimbia.

"Mwamuzi, mimi ni mama yake mkwe. Yeye yuko msalani, mimi nalinda gari. Kuna kanuni inayokataza?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Kanuni inasema gari lisiachwe bila mtu," mwamuzi akasema mwishowe. "Haisemi mtu gani."

Wakati huohuo lori likatokea kwenye skrini. Mwenye lori akaomba radhi, akafunga kamba, akavuta. Kamba ikakatika palepale kileleni, na gari likaanza kuteremka lenyewe.

"Linakwenda!" mama mkwe akapiga ukelele.

"Breki, mama!" daktari akalia nyuma ya mlango wa msalani.

"Iko wapi?"

"Ya katikati!"

Akakanyaga ya kushoto, akavuta kila kilichovutika, kisha akaachia vyote kwa pamoja. Injini ikapiga chafya, ikanguruma. Mbele yake wenzake, ambao nao walikuwa wamechelewa kwa kuchemsha, walikuwa wakipunguza mwendo penye kona, maana walijua kona ni nini. Yeye hakujua.

"Nipisheni, wanangu!" akaamuru kwenye kipaza sauti. "Wewe wa kijani, kaa upande wako! Unayumba nini?"

Madereva hao walikuwa watu wazima, wake kwa waume, mmoja wao hakimu. Lakini sauti ya mwalimu mkuu ikikushika shingoni huulizi umri wako. Mmoja baada ya mwingine wakajibanza kando. "Samahani, mwalimu," yule wa kijani akanong'ona.

Akavuka mstari wa mwisho akiwa wa pili, akaishia kwenye marobota ya nyasi kavu. Daktari akatokea ameshikilia suruali kiunoni, mkewe nyuma yake na mwiko mkononi.

Mwamuzi alishauriana na nafsi yake, kisha akatoa hukumu. Gego aliinuka mara ya tatu, kwa hiyo amefukuzwa. Gari halikuinuka, kwa hiyo limebaki, na ni la aliyekaa.

"Mama, mwambie ulikuwa unanikalia tu!" daktari akasihi.

Mama mkwe alitazama nafasi ya pili iking'aa kwenye skrini, akarekebisha kioo ambacho hakikuwepo.

"Nitalifikiria, baba."

Analifikiria mpaka leo. Kila Jumamosi huja na mto wake wa kukalia. Alimwombea daktari kazi pekee iliyokuwa wazi chamani, ya lori la kuvuta, naye huliendesha kutoka chumbani akiwa kwenye kiti cha jikoni. Gari likichemsha, sauti hupenya ukutani wazi kabisa: "Mkwe, nimekwama!"

"Niko njiani, mama," hujibu. Na njia ni ndefu, kwa sababu kukatiza ukumbini kwa miguu hakuruhusiwi.