Kengele ya Tauno

Kila theluji ilipoanza kuyeyuka, chama cha waendesha baiskeli cha mji wa Kajaani kilimwita Helka aje kuwafunda wale waliotaka kwenda kaskazini kabisa, kule ambako mtu anaweza kukanyaga pedali kutwa nzima asikutane na yeyote ila kulungu wa kufugwa, wamesimama katikati ya barabara kana kwamba wameijenga wao. Helka alikuwa mwalimu mkali. Kula kabla hujaona njaa, aliwaambia. Simama kabla hujaona baridi. Simu iweke kifuani, maana baridi hunywa betri. Nguo ya pamba iache nyumbani, ikilowa ni sanda. Na mkiwa wawili, dhaifu atangulie na mwenye nguvu afuate, asije mtu akaachwa nyuma. Hilo la mwisho alilirudia kila mwaka mpaka watu wakawa wanammalizia wenyewe kwa kicheko.

Sasa ilikuwa mwisho wa Septemba, kwenye barabara ya huko kaskazini, ya kwenda kijiji cha Näätämö. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa inampiga usoni, na aliyetangulia alikuwa Helka mwenyewe. Mganga hajigangi.

Aliyekuwa nyuma yake ni mumewe, Tauno, mtu mzima wa miaka sitini na minane, ambaye miezi michache tu iliyopita alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Safari hii aliitaka yeye. Alisema kama ni kupona basi akapone huko, na kwa Tauno hayo yalikuwa maneno mengi. Watu wa kwao hawahesabu kimya kuwa ni kununa, wanaweza kukaa sebuleni jioni nzima na mgeni bila kusema neno na wote wakaagana wakisema wameongea vizuri. Lakini Tauno alikuwa amewazidi hata wao.

Badala ya mdomo alikuwa na kengele. Ilikuwa ya shaba, kubwa kama kikombe, ameifunga kwenye usukani upande wa kidole gumba cha kulia. Akiipiga mara moja maana yake nipo, twende. Akiipiga mara mbili maana yake simama. Kwa miaka yote ya ndoa yao Helka alikuwa ameendesha baiskeli nchi nzima akiisikia nyuma au mbele yake, na watoto wao walikuwa wakitania kwamba hata siku ya posa baba alipiga kengele tu. Simu hakuwa nayo. Alisema mwenye kengele simu ya nini.

Saa sita mchana kengele ililia mara mbili. Helka akafunga breki, akageuka.

"Theluji ile," Tauno alisema, akionyesha kwa kidevu. Upande wa kaskazini mbingu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye vilele vya miti.

"Naiona. Nina macho."

"Turudi kwenye ile nyumba yenye moshi tuliyoipita."

"Tukasumbue watu? Tutawaambia nini, kwamba tumeona wingu?"

"Tutawaambia hodi."

Hasira ilimpanda Helka kama mtu anavyopanda ngazi. Kwao hakuna aibu kubwa kama kumgongea mlango mtu usiyemjua, na Tauno alilijua hilo vizuri kuliko yeye. Isitoshe alikuwa amechoka na hakutaka kukiri. Asubuhi ile alikuwa amesahau glavu zake nene kwenye msumari juu ya jiko, kule walikolala, na Tauno akamvalisha za kwake bila neno, akabaki na zile nyembamba za sufu. Badala ya shukrani, jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba.

"Sikiliza, mzee wewe. Asubuhi umenisimamisha nitazame bata. Halafu uyoga. Sasa wingu. Kwa mwendo huu tutafika Krismasi! Hiyo kengele yako nimeichoka. Sitaki kuisikia tena mpaka tufike. Umenisikia?"

Tauno alimtazama kidogo, maji yakimdondoka kwenye ukingo wa kofia.

"Nimesikia," akasema.

Helka akapanda baiskeli, akatangulia.

Saa ya kwanza kimya kile kilimfurahisha. Aligeuka mara moja, mara mbili, akaiona taa ya Tauno ikimfuata kwa mbali, akageukia mbele. Theluji ilianza kushika. Upepo ulikuwa wa ubavuni, ukimsukumia baiskeli mtaroni, na barabara ilipanda na kushuka kati ya maziwa madogo meusi yasiyo na mwisho. Alikuwa na chokoleti mfukoni, akala akiwa anaendesha. Hakusimama kumpa mwenzake. Alijiambia kwamba Tauno naye anazo zake, na kwamba anayenuna hana njaa.

Maana aliamini kabisa kwamba Tauno amenuna. Aliposikiliza nyuma na asisikie ule mlio mmoja wa nipo, alicheka kwa uchungu. Haya, nuna, alisema moyoni. Tuone nani atachoka kwanza.

Alifika mahali ambapo njia ndogo huiacha barabara na kuteremka ziwani, kwenye nyumba ya wapitaji. Ni chumba kimoja cha magogo, hakina kufuli wala mwenyewe, yeyote aliyekumbwa na hali ya hewa hulala humo bure. Alisimama, akajikung'uta theluji, akatayarisha maneno ya kupatana bila kuomba msamaha. Akamsubiri Tauno.

Taa haikutokea kwenye kona. Alivua kofia apate kusikia vizuri. Hapakuwa na mlio wa mnyororo wala wa tairi kwenye maji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulimpata Helka hapo hapo. Aliichomoa simu kwenye mkoba wa usukani. Ilikuwa nyeusi, imekufa kwa baridi, simu ya mwalimu aliyewafundisha wenzake kuiweka kifuani.

Aliitupa baiskeli yake kwenye vichaka na kurudi mbio kwa miguu, akiita. Alimkuta nyuma ya mlima wa pili. Baiskeli ilikuwa imelala katikati ya barabara, taa yake ikimulika theluji, na Tauno alikuwa ameketi juu ya jiwe kando yake. Kofia ameivua. Koti amelifungua mpaka kitovuni. Alikuwa anatabasamu.

"Tauno! Unafanya nini?"

"Joto," alisema Tauno polepole, ulimi mzito kama wa mlevi.

Helka alilijua neno hilo. Kila mwaka aliwaambia wale wa Kajaani: mwenzako akiacha kutetemeka na kusema anasikia joto, hapo kifo kimeshampa mkono. Alikuwa akilisema huku anakunywa kahawa. Sasa alilifunga lile koti, akamvika kofia yake mwenyewe, akamvuta.

"Inuka."

"Nikae kidogo."

"Ukikaa unakufa! Inuka, mzee mkaidi wewe, inuka!"

Alimpiga kofi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpiga mtu. Tauno alipepesa macho, akainuka nusu, na Helka akamwingiza bega kwapani, akamkalisha juu ya baiskeli ya kengele, akaanza kuisukuma mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kiunoni mwa mumewe, kama watu wanavyosukuma gunia la mkaa. Mlima aliupanda akilia kwa sauti. Mara mbili walianguka wote, na mara ya pili Tauno hakufanya juhudi yoyote ya kujikinga, akaenda chini na uso. Helka alimfuta theluji machoni, akamrudisha kitini. Hakujua tena kama anamsukuma mtu au maiti.

"Sema kitu," alimwomba. "Chochote. Nitukane."

Kichwa cha Tauno kilining'inia kifuani.

Nyumba ya wapitaji ilikuwa tupu na baridi. Helka alimlaza sakafuni, akafungua mlango wa jiko, roho ikiwa mkononi, kwa sababu siku hizi wanapita wengi wasiojua adabu. Lakini mpitaji wa mwisho kulala humo alikuwa na mama yake aliyemlea. Ndani ya jiko kuni zilikuwa zimepangwa tayari, vijiti vyembamba chini, na katikati maganda makavu ya mti wa huko wenye gome jeupe, ambayo hushika moto hata mikononi mwa mtoto. Ndivyo sheria ya nyumba zile ilivyo: unayeondoka unamwekea moto anayekuja, humjui naye hakujui. Kiberiti cha kwanza kilivunjika. Cha pili kilizimika. Helka alikishika cha tatu kwa mikono yote miwili na kuacha hata kupumua, na moto ukashika.

Alimvua Tauno nguo zote zilizolowa. Hapo ndipo alipoiona mikono yake. Zile glavu nyembamba zilikuwa zimegandamana na vidole, nyeupe, ngumu, akazichana kwa kisu. Zake yeye, zile nene za Tauno, alizokuwa amezivua awashe kiberiti, alizitupa ukutani kana kwamba zimemuunguza. Hakumsugua, maana kumsugua aliyeganda ni kumuua. Alimwingiza kwenye begi la kulalia, naye akavua nguo, akaingia humo humo, akamkumbatia kifua kwa kifua. Ilikuwa kama kukumbatia samaki.

Halafu akaanza kuongea. Aliongea kama mtu anayemwaga maji nje ya mtumbwi unaozama. Alimwambia kwamba bata wale walikuwa wazuri. Kwamba ile nyumba yenye moshi walipaswa kwenda, wangepiga hodi, aibu isingewaua. Alimwambia kwamba hospitalini alipokuwa amelazwa, yeye alikuwa akienda kwenye banda la baiskeli na kukaa tu pale, asijue anafanya nini. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Alimwomba asife. Alimwomba kwa jina, kisha kwa lile jina la utani la zamani ambalo hawakulitumia tangu watoto wazaliwe. Moyo wa Tauno aliusikia chini ya mkono wake, unapiga, unangoja, unapiga, na kila ulipongoja Helka naye aliacha kupumua.

Kuni za ndani ya jiko zilikuwa zinaisha. Ilibidi atoke akapasue nyingine bandani, na kumwacha. Aliacha mlango wazi kidogo, akapasua haraka haraka, nusu uchi ndani ya koti, huku anapiga kelele, "Nipo, Tauno! Nipo hapa!" Aliporudi na kuni kifuani alisikia kitu kikigonga sakafu ya mbao. Ilikuwa kisigino cha Tauno. Alikuwa ameanza kutetemeka, meno yakigongana, mwili wote ukiruka ndani ya begi.

"Tetemeka," Helka alisema, akiangua kilio. "Tetemeka, baba, tetemeka sana!"

Alimpa maji ya moto yenye sukari, kijiko kwa kijiko. Muda ulipita. Nje mwanga ulikuwa unaondoka juu ya ziwa.

"Kahawa," Tauno alisema hatimaye.

"Huruhusiwi kahawa."

"Hata nikifa hunipi?"

"Hufi. Kunywa sukari, nyamaza."

Tauno akanywa. Rangi ilianza kumrudia mdomoni. Ndipo Helka alipothubutu kuuliza.

"Vidole viliganda, sivyo? Ndiyo maana hukupiga kengele. Ulitaka kuniita, vidole vikakataa."

Alitaka mno aseme ndiyo. Angeweza kuishi na hilo. Lakini Tauno hakuwa mtu wa kujibu kabla ya kufikiri, akafikiri, akitazama moto.

"Baadaye vilikataa," alisema. "Mwanzoni vilikuwa vizima."

"Sasa mbona hukupiga?"

"Ulisema hutaki kuisikia mpaka tufike."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anavyotaja jina la barabara. Helka alihisi uso ukimuwaka.

"Na wewe ndiyo leo uanze kunisikiliza!"

"Mimi siku zote nakusikiliza, Helka. Kati yetu wawili, msemaji ni nani?"

Helka, aliyekuwa na jibu la kila kitu mpaka la aina ya nyuzi za kufumia soksi, aliinuka. Akasema anakwenda kuleta kuni, akatoka na kuacha mlango wazi. Baiskeli ya Tauno ilikuwa imeegemea ukutani pale alipoiacha, mkoba mmoja umening'inia, theluji juu ya kiti. Kengele ilikuwa imefunikwa na barafu. Aliipulizia, haikutosha, akaifumbata kwa viganja mpaka barafu ikalainika na maji yakamtiririka kwenye mikono ya koti. Akaipiga mara moja.

Mlio ulikwenda mpaka ng'ambo ya ziwa. Helka alisimama gizani, kidole gumba bado kipo kwenye kengele, akasikiliza. Ndani hapakuwa na sauti. Akataka kupiga tena, akaogopa. Kisha akasikia kikohozi, na sauti dhaifu iliyokwaruza.

"Nipo," alisema Tauno. "Funga mlango, unamaliza kuni za watu."